Sauti ya Min Awuor

Akoth nyara, binti yangu,

Mambo ya nauli, blanketi na watu wa kuogopa pale stendi baba yako ameshakuambia mara nne, na kesho asubuhi atakuambia ya tano. Mimi nina jambo lingine. Leo ni Jumapili, soko la Kibuye limefurika mpaka barabarani, na kibanda changu kimefungwa. Wewe umeenda Pap Onditi kumuaga dani, na ninavyomjua mama yangu, mpaka akulishe, akuombee, halafu akulishe tena, nina saa za kutosha kuandika.

Naandika kwa kalamu. Nilianza kwenye simu, nikaandika neno moja, nayo ikanipendekezea la pili na la tatu, na yote mawili hayakuwa yangu. Nikaizima. Barua hii ikiwa na makosa, basi yawe makosa ya mama yako.

Unajua nimekuwa fundi wa simu tangu ukiwa darasa la pili. Usichojua ni kwamba kazi hii siku hizi inanitia kinyaa. Sisemi nimechoka. Aliyechoka hulala, akaamka. Hiki ni kinyaa, kama cha mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula cha juzi. Zamani mtu alileta simu, unafungua kifuniko kwa kucha, unatoa betri, unapuliza vumbi, mnacheka, anaenda zake. Sasa simu inakuja imegandishwa kwa gundi kila upande. Ukifaulu kuifungua na kumwekea mtu kioo kingine, inawaka na maandishi kwamba kipuri hiki hakitambuliki. Maandishi hayo hayatoki. Mwenye simu anaonyeshwa kila siku kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani, na simu ni yake, aliinunua kwa jasho lake.

Wiki jana yule mama muuza omena wa karibu na kibanda aliniletea simu mpya, akaniomba nimtolee mchezo wa kamari uliokuja nayo kutoka dukani.

"Mzee wangu ameanza kuibonyeza," akasema. "Toa tu hii kitu."

Nilijaribu kila njia ninayoijua. Mchezo ule unaweza kuuficha, kuutoa huwezi. Nikamwambia, "Mama, hii haitoki."

"Haitoki aje na simu ni yangu?"

Aliniangalia kama mimi ndiye niliyeuweka. Nilimrudishia simu yake nikajisikia mchafu mpaka jioni.

Na televisheni yetu unaijua. Uliona ile asubuhi ilipojisasisha yenyewe, ikakataa kutuonyesha habari mpaka tukubali iwe inaangalia tunachotazama. Baba yako alibonyeza Kubali kwa hasira, akakaa. Mimi nilibaki nimesimama nikisoma. Kulikuwa na Kubali, kubwa, la buluu. Chini yake kulikuwa na Baadaye, dogo, la kijivu. Hapana halikuwepo. Kuna mtu alikaa kwenye kiti mahali fulani, akalipwa mshahara, akalitoa neno Hapana ndani ya nyumba yangu.

Halafu juzi nikakusikia ukimweleza shangazi yako kazi unayoenda kufanya Nairobi. Ulisema, "Waya, nitakuwa napanga vile skrini inakaa, ndio mtu abonyeze bila kufikiria sana." Shangazi yako akapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nikakumbuka lile Baadaye la kijivu.

Sikuandikii kukukataza. Umeisomea kazi hiyo, umeipata kwa akili yako, na nimefurahi mpaka nimewaambia hata watu nisiosalimiana nao. Nakuandikia kwa sababu ya Mwalimu Odera. Unadhani unaijua hadithi yake. Huijui, kwa maana aliyekusimulia ni mimi.

Unamkumbuka sura: yule mwalimu mstaafu wa Awasi, mrefu, anayevaa koti hata jua likiwaka. Mkewe tulimwita Min Awuor, mama yake Awuor, binti yao wa pekee aliyeolewa mbali. Min Awuor aliugua miezi mingi, na alijua haponi. Mwalimu aliniambia kwamba kilichomsumbua mkewe hakikuwa kifo. Alisumbuka kwamba anamwacha mwanamume aliyefundisha watoto wa watu hesabu miaka yote, na kusonga kuon, ugali tu, hajui. Basi akawa anachukua simu ya mumewe na kumrekodia. Kila alipopata nguvu aliongea kidogo.

Mwalimu alinisikilizisha rekodi mbili tatu pale kibandani. Sauti nyembamba ya mgonjwa, kuku wanalia nyuma: "Mwalimu, mboga ya osuga haitaki haraka. Maji ya kwanza mwaga, yana uchungu. Tia maziwa, iache ilale, kesho utie tena. Na usisimame juu ya sufuria kama mkaguzi wa shule." Kisha anacheka, anakohoa, inakatika. Nyingine ilieleza mahali alipoficha ufunguo wa ghala. Nyingine haikuwa na mafundisho yoyote. Alisema tu, "Mwalimu, uko? Nilifikiri umetoka."

Alipofariki, Mwalimu akawa anapika naye. Anaweka simu juu ya kabati, anabonyeza, anakata mboga huku akimjibu: "Sawa, nimemwaga. Sawa, nimetia." Alinieleza hilo bila aibu, kama mtu anayeeleza anavyoenda kanisani.

Sasa sikia kosa langu la kwanza. Simu ile niliianzisha mimi siku alipoinunua. Simu mpya inataka akaunti, akaunti inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, neno la siri, na foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka akaunti yangu na neno la siri langu. Nilifanya hivyo kwa wazee na akina mama kumi na wawili, nilikuja kuwahesabu baadaye. Nilijiambia ninawasaidia. Chini ya msaada huo kulikuwa na kitu kingine: nilipenda. Simu ikizingua lazima irudi kwangu, hakuna fundi mwingine angeweza kuifungua. Sikumwambia hata mmoja wao. Yale yote ninayotukania kampuni, nilikuwa nayafanya mimi mwenyewe juu ya meza ya mbao hapo Kibuye, kisha namwambia mtu asante, karibu tena.

Alhamisi moja kampuni ikatuma sasisho lake. Hakuna aliyeulizwa. Simu zilijizima, zikawaka, zikataka mwenyewe ajithibitishe. Na mwenyewe alikuwa mimi, mtu mmoja mwenye simu kumi na mbili. Mashine yao ikaniona mwizi, ikaifunga akaunti. Nilitafuta mtu wa kuongea naye. Hakuna mtu, kuna fomu. Niliijaza, ikanijibu kwamba ombi langu limepokelewa, na kikaragosi kwenye skrini kikanipungia mkono. Niliomba kuongea na binadamu, kikaragosi kikapunga tena. Wateja waliokuja, na waliopiga kwa simu za majirani, niliwaambia wangoje. Kumi na mmoja wakangoja.

Mwalimu Odera alikuja Jumapili, na koti lake. Wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu ukinisaidia kubandika vioo, huoni ninachofanya mezani.

"Min Akoth," akasema, "simu imeniuliza mimi ni nani, nimeshindwa kuijibu."

Watu wakacheka, naye akacheka. Akaniachia simu, akasema anaenda kutafuta mbegu, atarudi.

Nilikuwa na wateja sita wamesimama mbele yangu. Nilikuwa na siku tatu za hasira kwa ajili ya kile kikaragosi. Nikataka ionekane kwamba kampuni haiwezi kunishinda kwenye meza yangu mwenyewe. Kwa hivyo nikaiflashi ile simu, nikafuta kila kitu kilichokuwa ndani irudi kama ilivyotoka kiwandani, halafu nikaipitisha kwenye lile swali lao kwa njia tunazozijua sisi mafundi. Wateja wakaniambia mimi ni moto.

Ningependa kukuandikia kwamba sikukumbuka sauti za Min Awuor. Nilizikumbuka. Nilizikumbuka kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, nikajiambia bila shaka ziko mtandaoni, kila kitu siku hizi kiko mtandaoni. Mwalimu alikuwa hapo tu sokoni, ningeweza kukutuma umwite. Nikabonyeza.

Aliporudi nilimkabidhi simu inang'aa. "Imefunguka, Mwalimu!" Akavaa miwani, akabonyeza pale alipozoea. Akabonyeza tena. Kisha akainua uso, na akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza darasani mtoto fulani ameenda wapi:

"Na Min Awuor yuko wapi?"

Hiyo uliisikia kwa masikio yako. Na ulinisikia nikimjibu: "Mwalimu, ni kampuni. Sasisho lao limefuta kila kitu." Akaketi kwenye kiti cha plastiki, mbegu zake mapajani. Halafu akanishika mkono, mimi, akasema, "Mos, Min Akoth. Pole. Si makosa yako."

Jumatano kampuni ikanijibu. Habari njema, akaunti yako imerudi! Na kikaragosi. Simu kumi na moja zikafunguka, kila picha na kila sauti mahali pake. Nilikimbilia mtandaoni kutafuta sauti za Min Awuor. Hapakuwa na kitu, wala sikuelewa kwa nini. Nilichoelewa ni kwamba ningemwambia Mwalimu arudi nyumbani angoje siku tatu, angekuwa anapika na mkewe mpaka leo.

Sikumwambia. Wewe nikakuacha na ile ya kampuni. Miaka miwili, Akoth.

Nilichofanya, nilifanya kimyakimya. Niliwaita wale wengine mmoja mmoja, nikasingizia huduma ya bure, nikamtengenezea kila mtu akaunti yake, na neno la siri akaliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi. Mama mmoja alikataa katakata. "Kaa nayo wewe, mimi nitapoteza." Tulibishana karibu tugombane, mpaka akaandika kwa hasira. Nadhani amepoteza. Angalau alipoteza kitu chake.

Halafu mwezi uliopita ukanipigia simu ukitoka kwenye intavyu, unalia na kucheka. Ulisema walikuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, ukawasimulia ya Mwalimu Odera. Ukawaambia mama yako, fundi mwaminifu, alisimama mbele ya mzee huyo mikono mitupu kwa sababu ya kampuni isiyojali mtu. Nikakwambia, "Vizuri, nyara." Nikakata simu, nikaenda nyuma ya vyoo vya soko nikatapika. Nimekuwa nikitaja kinyaa tangu mwanzo wa barua hii kana kwamba ni cha watu wengine. Siku hiyo kilikuwa changu peke yangu.

Jumanne iliyopita nilikuambia naenda kutafuta vipuri. Nilienda Awasi. Nilimkuta Mwalimu jikoni akichambua mboga. Akanipa kigoda, nikashindwa kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia akaunti mpaka kidole juu ya kitufe. Aliendelea kuchambua majani, moja moja.

"Ulijua lini kwamba ungeweza kungoja?" akauliza.

"Jumatano ile ile, Mwalimu."

"Jumatano ile ungekuja, nilikuwa bado namsikia vizuri. Ningekuimbia kila neno vile alivyolisema, nawe ungenisaidia kuandika." Akaweka majani kwenye sufuria. "Maneno ninayo. Osuga naipika sawasawa, hata Awuor alisema. Sauti ndiyo inaniponyoka. Juzi nilijaribu kusikia anavyocheka, nikasikia kicheko cha dada yake."

Nikamwambia nilizitafuta mtandaoni nikazikosa.

"Ungezikosa tu," akasema. "Ile simu ilikuwa inaniuliza kila siku nikubali kupeleka sauti huko. Nilitafuta mahali pa kukataa nikakosa, kwa hivyo nikawa nabonyeza Baadaye. Kila siku, Min Akoth. Asubuhi naamka, nabonyeza Baadaye. Sikutaka Min Awuor akakae kwa watu ambao siwajui."

Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga njiani kote, ukatoka vipande vipande.

"Nilishakusamehe kwa kitu ambacho hukufanya," akasema. "Hiki ulichofanya, wacha nikae nacho kwanza. Usiniharakishe." Akapuliza moto. "Na yule msichana wako, anajua?"

"Bado. Anaenda Nairobi, kufanya kazi na watu wanaotengeneza hivyo vitu."

Hapo ndipo alipogeuka kuniangalia. "Basi umekosea njia. Ungeanza na yeye. Anaenda kukaa na hao watu akifikiri ubaya ni wao, na nyumbani kwake ni watu wasafi. Mtu akijiona msafi hivyo, mama, hataona haja ya kuuliza kabla hajabonyeza."

Hakunisindikiza. Nilitembea mpaka barabarani peke yangu. Unajua kwetu hiyo inamaanisha nini.

Basi ndiyo hiyo, nyara, na sasa unayo yote. Sijui huko ofisini kwenu watu huongea namna gani. Zamani nilidhani yule aliyelitoa neno Hapana kwenye televisheni yetu ana moyo wa jiwe. Siku hizi nadhani alikuwa na foleni ndefu, na watu wa kumwambia yeye ni moto. Bado ananitia kinyaa. Lakini nikimfikiria sana namwona amekaa kwenye kiti changu, na kidole ni changu.

Kuna watu wanaokungoja Nairobi wakiamini mama yako hakuwa na kosa. Ukipenda wasimulie upya. Usinipunguzie. Waambie mzee alikataa kila siku kwa neno pekee aliloachiwa, na fundi aliyemwamini akaja akamjibia. Wakikuuliza fundi huyo ni nani, jina langu unalo. Na kama utaona aibu, nyamaza, lakini usiseme tena ile ya kwanza.

Nilifikiria kuiweka barua hii ndani ya begi lako uikute huko. Ingekuwa rahisi kwangu. Ungekasirika ukiwa mbali, na mpaka ukipiga simu ungekuwa umeshapoa, umenichagulia maneno mazuri. Sitaki hayo. Nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Chakula kitangoja. Nami nitakaa hapa mezani, mbele yako, mpaka umalize kusoma.

Mama yako